Je, wajua kwa nini soriasisi, ugonjwa wa ngozi, hutoa magamba?

Mjini Lubumbashi, mtu mwenye magamba meupe viwikoni huambiwa upesi kwamba ana kuvu, au kwamba haogi vizuri. Hutumwa soko la mtaa wa Kenya, mjini humo, kutafuta pomadi, na nyumbani hutengewa taulo na sahani yake. Anaonewa bure. Soriasisi haiambukizi kwa kugusana, kwa nguo wala kwa chakula, na pomadi ya kuvu haiiponyi kwa sababu kuvu sicho chanzo chake. Kusugua kwa jiwe kunaweza kuiongeza: kwa baadhi ya wagonjwa, ngozi ikichubuka, bamba jipya, yaani doa nene lenye magamba, huota palepale. Wengine hudhani ngozi hiyo imekauka na kufa, kumbe inakua kwa kasi mno.

Seli za ngozi huzaliwa chini na kupanda juu kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye soriasisi ni siku 3 hadi 5 tu.

Tazama wafyatuaji wa matofali pembezoni mwa mji. Udongo wa kichuguu hufinyangwa, tofali likakaushwa juani, likachomwa, ndipo likauzwa. Maagizo yakimiminika, matofali yataondoka mabichi. Kwenye ngozi, maagizo hayo ni protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, mojawapo TGF-alfa. Hunasa kwenye kipokezi cha seli kiitwacho EGFR, na seli huanza kugawanyika. La kustaajabisha ni kwamba seli ya ngozi huitengeneza TGF-alfa na kuipokea yenyewe, kama mfyatuaji anayejiandikia maagizo. Penye kidonda hilo ni jema, kwani ngozi hufunga kisha amri hunyamaza. Kwenye soriasisi hainyamazi. Seli hufika juu zikiwa bado na kiini ambacho kilipaswa kutoweka njiani, hushikamana, na hilo ndilo gamba. Chini yake, kichocheo kingine, VEGF, huotesha vimishipa vya damu. Ukibandua gamba, vitone vya damu huchomoza. Kwenye ngozi nyeusi bamba lenyewe huweza kuwa la zambarau au kahawia iliyokolea, si lazima jekundu.

Hata hivyo, vichocheo hivi havifanyi kazi peke yake. Seli za kinga humwaga interlukini, yaani protini za kupashana habari; mbili kati yake, interlukini-17 na interlukini-22, huisukuma ngozi ikue. Dawa za kuzuia interlukini-17, au nyingine ya jamii hiyo, interlukini-23, husafisha ngozi ya wagonjwa wengi, ilhali kuziba EGFR hakujawa tiba ya kawaida ya soriasisi.