Kusoma data kwa ajili ya jedwali linalopangwa na mtumiaji

Mtumiaji akishapewa uhuru wa kuchagua safuwima, kuchuja na kupanga rekodi atakavyo, mtayarishaji wa programu hawezi tena kujua mapema umbo la data itakayoombwa. Hapo ndipo Hibernate na Entity Framework, zana zinazounganisha msimbo wa programu na hifadhidata, ambazo nazitegemea sana katika kuhifadhi na kurekebisha rekodi, zinapoelemewa, kwa kuwa hufuata klasi zilizoamuliwa umbo lake kabla programu haijaanza kazi. Mhasibu aliyebakiza tarehe, mteja na kiasi tu hupakiwa rekodi nzima ya ankara, isipokuwa pale ulipoandika msimbo wa ziada wa kuteua safuwima.

Kwa hiyo mimi hutenganisha njia: kuandika hupitia zana hizo, na kusoma hupitia SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) inayotungwa papo hapo. Sharti lake ni moja, nami silegezi hata kidogo. Vigezo vya SQL, yaani nafasi zinazojazwa swali linapotumwa, hubeba thamani tu; jina la safuwima au neno DESC (panga kwa kushuka) haliwezi kupitishwa kama kigezo, na anayeunganisha maandishi yaliyotoka kwenye kivinjari moja kwa moja amefungua mlango wa udukuzi. Seva iwe na orodha ya safuwima zinazoruhusiwa. Kivinjari kitume ufunguo kama «kiasi», seva itafute usemi halisi wa SQL, na ufunguo usiojulikana ukataliwe.

Orodha hiyohiyo ibebe pia ruhusa. Wengi huficha safuwima ya mshahara kwenye skrini lakini huacha kichujio chake kikifanya kazi, na mtu asiyeruhusiwa akichuja «mshahara zaidi ya 2,000,000», majina yanayobaki yameshamjibu. Kupanga kwa mshahara nako huvujisha siri vilevile.

Suala la kurasa nalo lisiahirishwe. Ukiandika OFFSET 100000 (ruka rekodi 100,000 za mwanzo), hifadhidata ya PostgreSQL hulazimika kuzipitia rekodi hizo zote na kuzitupa. Afadhali kuendelea kutoka rekodi ya mwisho iliyoonekana (:kiasi na :id ni thamani zake):

WHERE (kiasi, id) < (:kiasi, :id)
ORDER BY kiasi DESC, id DESC

Ile id, namba ya pekee ya kila rekodi, huzuia rekodi zenye kiasi sawa kurukwa au kujirudia, mradi kiasi kisiwe NULL (yaani kisiachwe bila thamani). Mtumiaji hataweza kuruka hadi ukurasa wa 57, lakini mwenye kichujio kizuri hana haja nao.