Kasarani, kabla hujapanda basi Kisumu

"Gor Mahia iliichapa Esperance Kasarani ikabeba kombe." Ndivyo fainali ya 1987 ya Kombe la Washindi Afrika, kati ya Gor Mahia ya Kenya na Esperance ya Tunisia, inavyosimuliwa mitaani Kisumu, Kondele hadi Nyalenda. Kombe lilikuja kweli, lakini siku hiyo hakuna aliyemchapa mwenzake: mechi ya marudiano katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, iliisha 1-1. Kazi nzito ilikuwa imefanyika Tunis, K'Ogalo, yaani Gor Mahia, walipotoka sare ya 2-2 katika mechi ya kwanza. Jumla ikawa 3-3, na kwa kanuni ya mabao ya ugenini, mawili ya Gor Mahia yakalishinda lile moja la Esperance. Tuisimulie ilivyokuwa, maana kufunga mara mbili Tunis ni jambo kubwa kuliko ushindi wa nyumbani.

Wala uwanja wenyewe haukujengewa soka. Ulijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, ndiyo maana njia ya mbio ya mita 400 inauzunguka uga. Kwa hiyo anayekimbilia kiti cha chini kabisa akidhani ndicho bora hujinyima mchezo. Nyuma ya goli, kona nzima ya njia ya mbio inakutenga na nyasi, na kwa kuwa macho yako hayajainuka sana, mabeki na washambuliaji wa upande wa pili huonekana wamebanana pamoja. Panda juu, ubavuni, karibu na mstari wa kati. Kwenye riadha ni kinyume: hapo gombea safu za chini mbele ya utepe wa kumalizia.

"Unabeba watu 60,000, nafasi haikosi." Inakosa. Wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025, mashabiki wasio na tiketi walivamia malango, na CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaweka kikomo cha watu 27,000 Kenya ilipocheza na Zambia. Nunua tiketi kabla ya kusafiri, na usimtumie mtu picha ya tiketi hiyo: mashine ya langoni huikubali mara moja tu, na atakayetangulia ndiye ataingia.

Kutoka Kisumu ni kama kilomita 350, safari ya basi inayochukua muda wa saa saba hadi nane, na basi likikushusha katikati ya jiji bado hujafika. Panda matatu ya Thika Road mapema, kwa sababu siku ya mechi barabara hujaa magari.

Na jua la huko si la ziwani. Nairobi iko juu ya Kisumu kwa zaidi ya mita 500, Julai na Agosti kuna baridi, na sehemu kubwa ya majukwaa haina paa. Beba sweta na koti la mvua. Mwavuli utamziba aliye nyuma yako.