Skana safi haimaanishi kulogwa

Hapa Bukavu hadithi hii inajirudia: kijana anaongea na watu wasioonekana, familia inachanga pesa, anapigwa skana ya kichwa, picha inatoka safi. "Kumbe si ugonjwa, amelogwa," wanasema. Anapelekwa chumba cha sala, dawa zinaachwa.

Picha safi haisemi hivyo. Skana hutafuta uvimbe, damu iliyovuja au mabuu ya tegu ubongoni, mambo ambayo nayo yanaweza kumvuruga mtu akili. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti za watu wasiokuwepo, haina doa la kuonyesha kwa kidole. Daktari huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake, na kufuatilia dalili kwa miezi.

Lakini ubongo unafanya kazi kweli sauti zinapokuja. Mwaka 1993 watafiti wa London walipima mtiririko wa damu ubongoni mwa wanaume 12 wenye skizofrenia walipokuwa wakisikia sauti, kisha tena zilipotulia. Wakati wa sauti, damu iliongezeka kwenye eneo la Broca, upande wa kushoto kwa mbele, ubongo unapoundia maneno. Kwa hiyo mgonjwa anasikia kwelikweli. Kumwambia "acha kujifanya" ni kumwonea.

Matokeo hayo ni wastani wa kundi, hayatoshi kumpima mtu mmoja. Kama daktari hakuomba picha nyingine, pesa hiyo heri inunue dawa na ilipe nauli ya kurudi kliniki ya afya ya akili, SOSAME kwa mfano, kila anapopangiwa.