Wadudu wawili kwenye slaidi si malaria ndogo

"Nimempima, ana malaria mbili tu." Kauli hii husikika kwenye korido za zahanati kutoka kwa mzazi mwenye mtoto aliyelegea shingo begani, na mara nyingi ameipokea kwa mhudumu mwenyewe. Ni dhana inayochelewesha rufaa, kwa hiyo ichambuliwe kwa kina.

Hiyo "mbili" ni idadi ya vimelea alivyoviona fundi wa maabara wakati akihesabu chembe nyeupe 200. Ukizidisha kwa 40 unapata makadirio ya mikrolita moja ya damu: wadudu 2 ni 80, wadudu 50 ni 2,000. Hesabu yenyewe haina kosa, ila ni hesabu ya damu ya kidoleni. Plasmodium falciparum hukaa saa 48 ndani ya chembe nyekundu. Saa 16 hadi 20 za mwanzo huwa na umbo la pete na huzunguka na damu. Hizo ndizo pete zinazoonekana kwenye hadubini. Baada ya hapo hupeleka protini iitwayo PfEMP1 kwenye uso wa chembe, chembe inaota vinundu, na vinundu vinanasa kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo, mapafu na utumbo, au kwenye kondo la nyuma kwa mjamzito. Huko kimelea humalizia maisha yake, mbali na bandama ambalo lingekichuja. Slaidi ikichukuliwa wakati wengi wamenasa, utaona wawili. Saa chache baadaye chembe zinapasuka na idadi inaruka juu hata kama mgonjwa ameshaanza dawa, kisha watu wanailaumu dawa.

Kinachoumiza viungo ni ule msongamano. Damu haipiti, oksijeni haifiki, tishu zinachoma sukari bila oksijeni na kubaki na asidi ya lakteti. Ndipo mtoto anapovuta pumzi ndefu na nzito ilhali kifua chake ukikisikiliza ni safi: mwili unajaribu kupunguza asidi. Namba za kuulizia ni hizi: lakteti kuanzia 5 mmol/L, sukari chini ya 2.2 mmol/L, kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, juu ya 265 µmol/L. Uliza pia kama mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Fundi naye, kwenye slaidi hiyohiyo, azitazame chembe nyeupe. Zikiwa zimemeza punje za kahawia iliyokoza, masalia ya himoglobini iliyoliwa na vimelea, maana yake wengi wameshapasuka mahali pasipoonekana. Tafadhali liandikwe kwenye majibu, lisiachwe kwa kuwa fomu haina nafasi yake.

Panya wa maabara wanalionyesha jambo hili waziwazi. Plasmodium berghei, kimelea cha panya-mwitu kilichoelezwa na Vincke na Lips huko Katanga, Kongo, mwaka 1948, kina aina iitwayo ANKA. Ukiwadunga panya wa ukoo wa C57BL/6, kati ya siku ya 6 na ya 10 manyoya yanasimama, wanayumba, wanapooza, wanapata degedege na kufa, huku chembe zenye vimelea mara nyingi hazijafika asilimia 20. Kimelea hichohicho kwa panya wa ukoo wa BALB/c kwa kawaida hakiwagusi ubongo. Wanabeba vimelea vingi zaidi na kufa baadaye kwa upungufu wa damu. Tena ukiwaondolea wale C57BL/6 chembe nyeupe za kinga ziitwazo CD8, ugonjwa wa ubongo hauji ingawa vimelea vinaendelea kuwamo.

Idadi ina kazi yake: vimelea vikizidi asilimia 10 ya chembe nyekundu, hiyo peke yake ni malaria kali. Na mtu mzima wa eneo lenye malaria anaweza kuwa na wadudu wawili huku anayemuumiza ni nimonia. Lakini mtoto aliyepoteza fahamu na ana wadudu wawili hutibiwa malaria kali, hupimwa sukari papo hapo, na homa ya uti wa mgongo hutafutwa.

"Dawa imeponya panya, mbona hatupewi?" Kwa sababu panya wengi hupewa dawa kabla hawajazidiwa, na mishipa ya ubongo wao hujaa sana chembe nyeupe, wakati ya binadamu huzibwa zaidi na chembe zenye vimelea. Kingamwili dhidi ya TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, ziliwaokoa panya. Kwa watoto wa Gambia, katika utafiti uliochapishwa 1996, hazikupunguza vifo, na waliobaki na madhara ya neva waliongezeka. Deksamethasoni nayo, dawa ya steroidi, Thailand 1982, ilirefusha muda wa kupoteza fahamu. Msiidunge.

"Imepanda kichwani." Haipandi. Inanasa kwenye viungo vingi kwa wakati mmoja, na figo zinaweza kufa huku kila mtu akitazama degedege.

"Mwenye degedege akichomwa sindano anakufa." Anakufa kwa kucheleweshwa sindano. Sindano hiyo, artesuneti, ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa wengine: saa 0, saa 12, saa 24. Katika utafiti wa AQUAMAT wa 2010, wenye watoto 5,425 wa Afrika, vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini.

"Mwekeeni dripu ya haraka apate nguvu." Utafiti wa FEAST wa 2011, Kenya, Uganda na Tanzania, uliwafuata watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, zaidi ya nusu wakiwa na malaria. Kati ya waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7.3.

"Sindano tatu, kamaliza." Bado. Akiweza kumeza, apewe ALu, dawa mseto ya vidonge, dozi kamili ya siku tatu. Halafu himoglobini ipimwe tena siku ya 7, 14 na 28, kwa sababu chembe zilizosafishwa vimelea na artesuneti huishi muda mfupi, na baadhi ya wagonjwa huishiwa damu wakiwa nyumbani, homa ikiwa imeshakwisha.