Je, wajua ofisi ya Kisumu inavyoweza kukaribisha upepo na kulifungia jua nje?

Ingia ofisi inayotazama ziwa mjini Kisumu saa kumi jioni. Mara nyingi utakuta madirisha yamefungwa, magazeti yamebandikwa kwenye kioo, taa zinawaka mchana kweupe na feni inazungusha joto lile lile. Inauma kuona hivyo, kwa sababu nje ya kioo hicho unapita upepo mtamu kuliko wote wa siku.

Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Mchana hewa iliyo juu ya mji hupashika na kupanda, na hewa ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaopakana na mji, iliyo baridi zaidi, husogea kujaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka. Taabu ni kwamba ghuba iko upande wa magharibi, na jua la alasiri liko huko huko. Ukilifungia jua kwa pazia, umeufungia na upepo.

Lakini viwili hivyo havitembei sawa. Mwanga hupita njia iliyonyooka, hewa hupinda kona. Hapo ndipo msanifu wa majengo hupata mwanya wake.

Kisumu ikiwa karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri huwa utosini au karibu yake mwaka mzima. Dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.2 hukingwa saa hiyo na ukingo wa zege uliojitokeza juu yake zaidi kidogo ya nusu mita. Ukuta wa magharibi haukubali tiba hiyo. Mwezi Machi, saa kumi na moja kasorobo, jua limebakiza nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, na dirisha lile lile lingetaka ukingo wa mita 2! Ndiyo maana jengo zuri hapa hulazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, pande zake fupi ndizo zikabiliane na jua la chini.

Kama kiwanja hakiruhusu, weka mabamba ya wima mbele ya dirisha la magharibi, ncha zake za nje zielekee kaskazini-magharibi kwa nyuzi 45. Mabamba ya upana wa sentimita 30, yakiachana sentimita 12, hukatiza jua la Desemba, nao upepo hujipenyeza katikati. Maduka ya zamani ya mjini yalitumia baraza pana lenye paa, na bado naliona ni jibu bora.

Upepo nao hauingii pasipo na pa kutokea. Shika ukanda wa karatasi kwenye dirisha la upande wa ziwa, mwenzako afungue mlango wa upande wa pili, uone karatasi inavyonyanyuka.