Je, wajua kwa nini ndotoni tunasikia lugha tusizozijua?

Usiku mmoja niliota nimesimama mbele ya dirisha la kukatia tiketi. Mzee aliyekuwa ndani, kofia ya manyoya kichwani, akanieleza kwa kirefu kwa nini treni yangu haiji. Alikuwa akisema Kirusi. Mimi Kirusi sikijui hata salamu, lakini pale dirishani sikuwa na shaka kwamba ndicho, na la ajabu zaidi nilimwelewa, nikamshukuru, nikaenda zangu. Nilipozinduka nilikuwa na neno moja tu mdomoni: dashtovini. Nikaliandika kabla halijayeyuka.

Watu wakiota hivi huwaza mizimu, au maisha waliyowahi kuishi zamani. Swali lenyewe lina haki ya kuulizwa. Kama ndoto hutengenezwa na ubongo wangu mwenyewe, lugha ambayo haukuwahi kujifunza umeitoa wapi?

Mara nyingi haukuitoa popote. Umeiigiza. Kuijua lugha ni kazi moja, kuiga mlio wake ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ya pili tunaiweza karibu sote. Mwambie mtoto wa miaka sita aseme Kichina: atakumwagia maneno dakika nzima bila kusita, hakuna hata moja la kweli, na bado utajua ni Kichina anachokusudia. Alichonacho ni mahadhi, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, mahali pa mkazo, na sauti mbili tatu zinazojitokeza sana.

Na mahadhi tunaanza kuyanasa mapema mno. Mtoto mchanga wa siku chache hutofautisha lugha ya mama yake na lugha ngeni, kwa sababu aliisikia tangu tumboni. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulilinganisha vilio vya watoto wachanga wa Kifaransa na wa Kijerumani. Wa Kifaransa walielekea kulia kwa sauti inayopanda, wa Kijerumani kwa sauti inayoshuka, kama wasemavyo wazazi wao. Kama mtoto wa siku tatu ana kiimbo tayari, mtu mzima aliyekwisha kusikiliza filamu, redio na wasafiri wa kila namna amejaza ghala.

Lakini kuelewa je? Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Ndoto nyingi zenye kisa na sura huja katika ule usingizi wa macho kuchezacheza chini ya kope, uliogunduliwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago. Kwa mtu mzima huchukua kiasi cha robo ya usiku. Wakati huo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia huchangamka sana, ilhali sehemu ya mbele, ile inayohoji na kukagua, hupunguza kazi. Hakuna wa kuuliza: ngoja kwanza, umejifunza lini Kirusi?

Tukiwa macho, sauti hufika kwanza, kisha tunaitafutia maana. Ndotoni, nionavyo mimi, mambo yamepinduka. Mzee wa tiketi na mimi tulikuwa kichwa kimoja. Alilotaka kusema nilishalijua kabla hajafungua mdomo, na Kirusi kilikuwa vazi tu lililovalishwa juu ya maana iliyokwisha kuwepo. Ndiyo maana ukiamka kisa unakikumbuka chote lakini maneno huyapati.

Kuna mtu aliyejitahidi kuyapata. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili, alikuwa akiamka na kuandika maneno aliyoyasikia au kuyasema ndotoni. Mwaka 1906 alichapisha mifano 286, mingi ikiwa yake mwenyewe. Humo mna maneno yasiyokuwepo katika lugha yoyote, na sentensi ambazo ndotoni zilikuwa na maana kamili lakini asubuhi zikawa hazieleweki.

Sisemi kwamba kila neno geni la ndotoni ni la kubuni. Masikio huhifadhi zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowapima watu wazima waliozaliwa Korea na kulelewa Uholanzi tangu utotoni, wengine wakiwa wamehama kabla ya kufikisha miezi sita. Hawakukumbuka Kikorea hata kidogo. Walipofundishwa kutamka konsonanti zake, waliwapita Waholanzi wenzao kwa kasi. Mtu wa namna hiyo akisikia Kikorea usingizini, siwezi kumwambia amekibuni. Anayejifunza lugha mpya naye ana hesabu yake: huko Kanada, Joseph De Koninck na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo mazito ya Kifaransa, wakaona kwamba waliopiga hatua kubwa ndio walioanza mapema kuota kwa Kifaransa.

Tena sikio halilali lote. Ian Oswald alionyesha mwaka 1960 kwamba ubongo wa mtu aliyelala huitikia jina lake kuliko majina mengine. Ukilala redio ikiongea, sauti yake inaweza kuingia ndotoni ikapewa mwili na kofia.

Sasa turudi kwenye dashtovini. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Geneva alikuwepo mwanamke aliyejulikana kwa jina la Hélène Smith. Akipandwa na hali ya njozi, alisema lugha aliyodai ni ya wakazi wa sayari ya Mars. Mwanasaikolojia Théodore Flournoy alimsikiliza kwa miaka, akaandika kila kitu, na mwaka 1900 akayatoa hadharani. Sentensi mojawapo ni hii: dodé né ci haudan té mess métiche Astané ké dé mé véche. Maana yake, hii ni nyumba ya mtu mkubwa Astané uliyemwona. Inasikika ngeni kweli. Ila ukiiweka chini ya Kifaransa, ceci est la maison du grand homme Astané que tu as vu, kila neno linakaa juu ya mwenzake bila kuachana hata moja. Dodé ni ceci, né ni est, haudan ni maison, na ké hata haikujisumbua kujificha. Mpaka kile kitenzi ambacho Kifaransa hukigawa vipande viwili, as vu, huko Mars nacho kimegawanyika vilevile: mé véche. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kifaransa. Simwiti mwongo, alikuwa hasikii sarufi yake mwenyewe, kama sisi sote tusivyoisikia.

Niliposoma habari zake nikakitafuta kile kikaratasi changu. Dashtovini. Hapo katikati pana konsonanti mbili zilizobanana, sh na t, na v iliyo karibu, ambazo bila shaka ndizo zilizonifanya niape kwamba ni Kirusi. Lakini neno limeishia na irabu. Mkazo wake, nilivyolisikia, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu. Na pale mwisho kabisa, wazi kama mchana, imekaa -ni ya dukani, nyumbani, sokoni. Mzee wa Kirusi alikuwa akinielekeza mahali, kwa Kiswahili.