Nani huisoma alama ya methili?

Wanafunzi wangu wa baiolojia ya molekuli wakianza epijenetiki, yaani elimu ya jinsi usomaji wa jeni unavyobadilika bila herufi za DNA kubadilika, huuliza: seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile, zinatofautianaje? Zinatofautiana kwa kuwa hazisomi jeni zilezile. Mojawapo ya vitu vinavyoongoza usomaji huo ni methili, kikundi cha kaboni moja na hidrojeni tatu kinachojishika kwenye C, mojawapo ya herufi nne za DNA (A, C, G na T), hasa pale C inapofuatwa na G. Ni kama irabu juu ya herufi za Kiarabu: herufi inabaki vilevile, usomaji ndio unaobadilika.

Nikifika hapo huwaeleza kazi ya Profesa Adrian Bird wa Edinburgh, Uskoti, kwa sababu alianza kwa kuitafuta alama yenyewe, kisha akamtafuta msomaji wake.

Mwaka 1978, Bird na Edwin Southern walichapisha njia ya kuiona methili kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini, vinavyokata DNA, kama HpaII. Watafiti wengine wakaonyesha kuwa HpaII inaweza kulinganishwa na kimeng'enya kingine, MspI. Vyote hutafuta mfuatano CCGG. HpaII hugoma kukata ikiwa C ya pili ina methili. MspI hukata tu. Basi unakata DNA ileile mara mbili, kila mara kwa kimeng'enya kimoja, unalinganisha urefu wa vipande, na pale vinapotofautiana ndipo penye methili. Bird na Southern walianza na jeni za ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, za Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika. Naipenda sana njia hii: ni rahisi, na hata maabara isiyo na mashine ya kusoma DNA inaweza kuitumia.

HpaII ilileta jambo jingine. DNA ya wanyama wenye uti wa mgongo ina methili karibu kila mahali penye CG, kwa hiyo kimeng'enya hicho huiacha katika vipande vikubwa. Lakini sehemu ndogo, kama asilimia 1, ilikatikakatika kabisa. Mwaka 1985 kundi la Bird lilionyesha kuwa hayo ni maeneo yenye CG nyingi zisizo na methili. Leo tunayaita visiwa vya CpG, na zaidi ya nusu ya jeni za binadamu huanzia humo. Kwingineko CG zimepungua kwa sababu C yenye methili ikiharibika hugeuka T, na kosa hilo huiponyoka seli kwa urahisi. Vizazi kwa vizazi, CG zikaliwa. Visiwani zilinusurika.

Msomaji alipatikana 1992: protini MeCP2, inayoshika DNA yenye methili na kuita protini nyingine zinazopunguza usomaji wa jeni. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Houston, ikagundua kuwa mabadiliko katika jeni ya MeCP2 husababisha ugonjwa wa Rett. Mtoto, karibu kila mara wa kike, hukua vizuri kwa miezi ya mwanzo, kisha hupoteza maneno na uwezo wa kutumia mikono. Mwaka 1978 hakuna aliyekuwa akitafuta chanzo cha Rett kwenye DNA ya chura!

Mwaka 2007 Jacky Guy na wenzake katika maabara ya Bird waliwasha upya jeni hiyo katika panya waliokwisha kuugua, hata waliokomaa, na dalili nyingi zikaondoka. Kumbe seli za ubongo hazikuwa zimekufa, zilikosa protini tu. Lakini nasisitiza darasani: panya hao walitengenezwa tangu mwanzo wakiwa na swichi ya kuiwasha jeni. Mtoto hana swichi hiyo. Dawa ya trofinetidi, iliyoidhinishwa Marekani 2023, hupunguza dalili bila kugusa jeni.

Tiba ya jeni, yaani kuingiza jeni mpya kwenye seli kwa kutumia kirusi, imeanza kujaribiwa kwa watu, na ugumu wake uko kwenye kipimo, kwani MeCP2 ikizidi nayo huleta ugonjwa. Jeni hii iko kwenye kromosomu X, na kila seli ya mwanamke huzima X moja. Kwa hiyo katika ubongo wa msichana mwenye Rett, seli zenye protini nzima zimechanganyika na zilizoikosa. Kirusi kinachobeba jeni mpya lazima kizitosheleze seli zilizoikosa bila kuzizidishia zile zenye protini nzima.